Kisomaji cha RFID hakioni mzigo: pa kuanzia kutafuta

Msimu wa parachichi ukifika, simu nyingi ninazopokea zinaanza na maneno yaleyale: "Fundi, mashine imekufa." Nikifika Tukuyu au Njombe naikuta mashine, yaani kisomaji cha RFID kinachotambua mizigo kwa mawimbi ya redio, ni nzima, taa zinawaka, antena ziko ukutani kama nilivyoziacha. Kilichokufa ni mawasiliano kati yake na tagi, kibandiko chembamba chenye chipu, kilichobanwa katikati ya kreti na matunda, au kimeloa, au kimegusa bati. Ndiyo maana hapa tunaanza na tagi, tunakuja kwenye antena na kebo, na mipangilio ya programu tunaiacha mwisho. Wengi hufanya kinyume. Mzigo usiposomeka, cha kwanza wanapandisha nguvu ya kisomaji mpaka mwisho. Naomba usifanye hivyo kabla hujapita hatua zilizo hapa chini. Nguvu ikizidi, tatizo moja linazaa la pili, na baada ya wiki hakuna anayejua tena anatafuta lipi.

Ninachozungumzia ni tagi zisizo na betri za masafa ya juu sana (UHF), kati ya megahezi 860 na 960, zile zinazobandikwa kwenye kreti, boksi, gunia na paleti. Tagi hiyo inalishwa na mawimbi ya antena, kisha inajibu kwa kuyarudisha mawimbi hayohayo yakiwa yamebeba namba yake. Maji huyanywa mawimbi hayo na chuma huyaakisi. Sasa tazama tunachosafirisha huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: parachichi, viazi, maziwa, mbao ambazo bado mbichi. Karibu yote ni maji. Chai ya Mufindi na Rungwe ni kavu, lakini mifuko yake mingi ya karatasi ina foili ndani. Kahawa ya Mbozi ndiyo rafiki yetu, kwa kuwa gunia la katani na mfuko wa plastiki ulio ndani yake haviyazuii mawimbi.

Kabla hujagusa kitu chochote, tengeneza tagi ya majaribio. Chukua tagi mpya ya aina mnayotumia, ibandike kwenye boksi tupu na kavu la karatasi, andika JARIBIO kwa kalamu nene, ining'inize ofisini mbali na antena. Mzigo ukikataa kusomeka, mtu mmoja alishike boksi hilo kwa pembeni, asiifunike tagi kwa kiganja, asimame nalo pale mzigo unapopita. Likisomeka, kisomaji, antena na kebo ni vizima. Tatizo liko kwenye mzigo au tagi zake. Lisiposomeka, acha mzigo, rudi kwenye mitambo. Jaribio hili ni la dakika moja na limewahi kuniepusha na safari ya kutoka Mbeya mjini hadi Makambako.

Hata tagi ya majaribio haisomeki

Anza na umeme na mtandao. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi ruta hukipa kisomaji anwani mpya ya IP, wakati programu ya ghala bado inakitafuta kwenye anwani ya jana. Kisomaji kinasoma, ila hakuna anayekisikiliza. Ingia kwenye ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha kipe kisomaji anwani ya kudumu. Kama kinapata umeme kupitia kebo ya mtandao, hakikisha kebo hiyo haizidi mita 100 na haijachubuliwa na panya. Stoo za mahindi na mpunga, Igurusi kwa mfano, panya ni sababu ya kweli kabisa.

Ikiwa mtandao uko sawa, fuata kebo ya antena kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta mahali foklifti ilipogonga, palipokunjwa kona kali, na kichwa cha kebo kilicholegea. Kaza kwa vidole tu, maana koleo huvunja pini ya ndani. Kisha badilishana: hamisha kebo ya antena ya kwanza iende tundu la pili, na ya pili ije la kwanza. Zima kisomaji kabla ya kuzihamisha. Ubovu ukihama pamoja na kebo, ubovu ni wa kebo au antena. Ukibaki kwenye tundu lilelile, ni kisomaji chenyewe, au tundu hilo limezimwa kwenye programu. Angalia kwanza kama limezimwa.

Kebo ndefu nyembamba ni mwizi wa kimyakimya. Ile ya aina ya RG-58 hupoteza takribani nusu desibeli kwa kila mita kwenye masafa haya. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu, maana yake mita 6 tu zinameza nusu nzima kabla mawimbi hayajafika kwenye antena. Ukihamisha antena kwenda mlango wa mbali, usiunganishe vipande. Nunua kebo nene ya urefu unaohitajika, au sogeza kisomaji.

Sababu ambayo si ya kila siku, ila ikitokea inasumbua sana, ni kuchanganya familia za tagi. Hereni za kielektroniki za ng'ombe zinafanya kazi kwenye kilohezi 134.2, na kadi nyingi za milango ya ofisi kwenye megahezi 13.56. Mfugaji wa Iringa anayeleta maziwa hawezi kutumia skana ya hereni kusoma kreti, hata akiisogeza mpaka iguse. Tena visomaji vilivyoagizwa kutoka Marekani huja vikiwa vimepangwa kwa megahezi 902 hadi 928, vya Ulaya kwa masafa ya chini ya hapo. Ukiona kisomaji chako kimewekwa masafa ya nchi nyingine, usikibadilishe kwa kubahatisha. Masafa na nguvu zinazoruhusiwa nchini ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kifaa chenyewe kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa nao.

Simama hapa na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kama unasikia harufu ya kuungua, kama kuna maji ndani ya sanduku la kisomaji, au kama matatizo yalianza mara baada ya radi. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili huja na radi nzito, na antena iliyo nje ya ghala bila kinga ni njia ya moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ya karani. Usifungue sanduku "kuangalia tu."

Tagi ya majaribio inasomeka, lakini paleti inasomwa nusu

Hili ndilo tatizo kubwa la kanda yetu, na ndilo ninalolipenda kulitatua kwa sababu jibu lake huwa linaonekana kwa macho.

Kituo kimoja cha kufungashia parachichi, Rungwe. Paleti ina kreti 60, mlangoni zinasomwa 38, paleti inayofuata 41, nyingine 35. Walikuwa wamepandisha nguvu mpaka juu na kuongeza antena ya tatu. Msimamizi, mama makini sana na kazi yake, akaniambia, "Kaka, lebo zote tumebandika wenyewe, na kila moja tumeipitisha kwenye skana kabla ya kupanga." Nikamwamini. Tukaishusha paleti safu kwa safu pale mlangoni. Kufika safu ya nne tukaona: kreti za katikati zote lebo imetazama ndani, imelala juu ya parachichi za kreti jirani kama plasta juu ya kidonda. Kijana anayepanga akaeleza bila kusita. Mikanda ya kufungia paleti ilikuwa inachubua lebo, akaona azifiche zisiharibike. Alikuwa anatunza mali ya kituo.

Parachichi zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Tagi ikigusana nalo, antena yake ndogo inapoteza urari na nguvu inayobaki haitoshi kuiamsha chipu. Dawa haikuwa nguvu. Paleti ya mita 1 kwa 1.2 inabeba kreti 5 za sentimita 60 kwa 40 katika kila safu, na ukizipanga 3 upande mmoja na 2 upande wa pili, kila kreti inabaki na upande mfupi unaotazama nje. Kwa hiyo lebo ikae upande mfupi, chini ya usawa unaopita mkanda, na anayepanga aelezwe sababu ya kuigeuza nje. Antena mbili zikabaki, moja kila upande wa mlango, tukazigeuza kidogo kuelekea mzigo unakotokea ili zizione pia kreti zilizotazama mbele. Antena ya tatu tukaishusha. Nguvu tukairudisha chini. Paleti ya kwanza ikasoma 60, ya pili 60.

Kwa mzigo wako, pita sababu kwa mfuatano huu. Kwanza, tagi inatazama wapi na inagusa nini? Ikigusa tunda, kiazi au dumu la maziwa, itenganishe. Hata nafasi ya sentimita moja ya hewa au povu kavu inasaidia sana. Gunia la viazi la lumbesa halina upande mkavu, kwa hiyo tagi ining'inizwe kwenye mshono wa mdomo, isishonwe tumboni. Pili, je, kuna chuma au foili nyuma yake? Mfuko wa chai wenye foili unakataa tagi ya kawaida iliyobandikwa bapa. Ama ibandike kama bendera, nusu ya lebo ikisimama nje ya mfuko, ama nunua tagi maalumu za kubandikwa juu ya chuma, ambazo zina tabaka la kuitenga antena na chuma. Ni ghali na nene, kwa hiyo anza na bendera.

Tatu, mwendo. Foklifti ikipita mbio, kisomaji hakipati nafasi ya kuongea na tagi zote. Mwambie dereva apunguze apitapo antenani, na tazama kama hesabu inapanda. Ikipanda, umepata.

Nne, mashimo ya mawimbi. Sakafu ya zege na mlango wa bati huakisi mawimbi, na pale yanapokutana yakipingana panakuwa na sehemu zisizo na nguvu kabisa. Wimbi moja la masafa haya lina urefu wa karibu sentimita 35, hivyo kutoka sehemu isiyo na nguvu hadi sehemu yenye nguvu ni kama upana wa kiganja. Chukua boksi la majaribio, lisogeze kiganja kimoja juu, chini, pembeni. Likinyamaza na kuamka namna hiyo, badilisha kidogo urefu au pembe ya antena.

Mwisho kabisa ndipo unapogusa nguvu, kidogokidogo, ukiandika kila badiliko na hesabu uliyopata. Usizidishe kiwango kilichoidhinishwa. Kama mzigo wako ni nguzo na mbao mbichi kutoka Mafinga, au madumu yaliyojaa yaliyopangwa bila nafasi katikati, elewa kwamba kilicho katikati hakitasomeka kwa nguvu yoyote halali. Hapo mpigie aliyekuwekea mfumo mzungumze kuhusu kutagi paleti nzima badala ya kila kipande, au kusoma kimoja kimoja wakati wa kupanga. Na kontena la chuma likishafungwa, tagi zilizo ndani hazisomeki kutoka nje. Hesabu ifanyike kabla ya kufunga lakiri, isisubiri mpakani Tunduma.

Kinasoma mzigo ambao haujapita

Karani anaona kwenye kompyuta paleti imetoka, kumbe imelala stoo. Wengine huita mizimu. Karibu kila mara sababu ni nguvu iliyozidi, mara nyingi iliyopandishwa na mtu aliyekuwa anatibu tatizo la hapo juu.

Tembea kwanza. Simama mbele ya antena, tazama inakotazama: kama nyuma ya mlango kuna paleti zimepangwa ndani ya mita 5 au 6, zisogeze au chora mstari wa rangi sakafuni wa kutovukwa. Kisha punguza nguvu hatua kwa hatua mpaka mizimu iishe huku mlango ukiendelea kusoma mzigo kamili. Ikishindikana, tumia kizingiti cha ukali wa ishara. Kila usomaji huja na namba hasi ya ukali wake. Iliyo karibu na sifuri ni tagi iliyo jirani, iliyo mbali na sifuri ni ya mbali. Pima paleti inayopita kweli, pima iliyo stoo, weka kizingiti katikati yake. Usinakili namba ya ghala la jirani, kila ukuta una tabia yake.

Milango miwili iliyo karibu husomeana mizigo na pia huzibana masikio. Dawa nzuri ni kihisi cha mwendo kinachowasha antena pale tu kitu kinapokatiza, au ukuta wa bati katikati ya milango. Bati hapa linatusaidia.

Usikae na kufanya kazi mbele ya antena iliyowashwa. Kijitabu chake kina umbali wa usalama, mara nyingi sentimita 20 na zaidi. Meza ya karani iwe mbali zaidi ya hapo. Antena ikihitaji kushushwa kutoka juu, tafuta fundi mwenye ngazi na mkanda wa usalama. Kreti zilizopangwa si ngazi.

Jana ilisomeka, leo kimya

Tazama unyevu kwanza. Kreti inayotoka chumba cha baridi asubuhi ya ukungu wa Tukuyu inalowa umande ndani ya dakika chache, na utando huo wa maji juu ya lebo unatosha kuinyamazisha. Futa lebo moja kwa kitambaa kikavu, jaribu tena. Ikisomeka, somea mzigo ndani ya chumba kabla haujakutana na hewa ya nje, au tumia tagi zilizofunikwa kwa plastiki ngumu.

Halafu kuna gundi. Lebo iliyobandikwa kwenye kreti yenye baridi au vumbi inashika kwa saa chache tu, kisha inanyanyuka pembe. Futa, kausha, bandika kabla kreti haijaingia baridini. Kreti zinazooshwa kwa maji ya moto na dawa zinahitaji tagi za kufunga kwa rivet au zilizoundwa ndani ya plastiki. Lebo ya karatasi haimalizi msimu. Na ukiona lebo ina mkunjo katikati, pale penye kidoti cheusi, chipu imevunjika. Itupe.

Sababu ya ndani zaidi inawachanganya hata mafundi: tagi inasomeka mara moja kisha inanyamaza kwa sekunde kadhaa au zaidi, halafu inarudi. Si ubovu. Kisomaji kimewekwa katika "sesheni" ya 2 au ya 3, ambapo tagi iliyokwisha jibu hukaa kimya ili nyingine zipate zamu. Kwa mlango wenye tagi nyingi ni mpangilio mzuri. Kwa meza ya kukagua kreti moja moja ni kero, weka sesheni 0.

Namba zinasomeka, hesabu haikubali

Kabla hujalaumu antena, fungua faili. Namba ya tagi huwa na herufi na tarakimu 24, na Excel ikiona tarakimu tupu, au tarakimu zenye E moja katikati yake, huigeuza kuwa namba ya kisayansi na kuikata baada ya tarakimu 15. Paleti tano tofauti zinageuka moja. Sifuri za mwanzo nazo hupotea. Weka safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data. Makosa ya namna hii yamewagombanisha wakulima na AMCOS zao, yaani vyama vyao vya ushirika vya mazao, bila sababu, kila upande ukiamini umeibiwa magunia, na linaniuma kila nikilikuta.

Kama faili ni safi, tazama kama tagi mbili zina namba moja. Tagi mpya kutoka rola moja zinaweza kuja na namba zinazofanana mpaka uziandike upya. Chipu nyingi zina pia namba ya kiwandani isiyobadilika, soma hiyo. Zikitofautiana wakati namba ya kuandikwa ni moja, printa yako inarudia. Irekebishe kwa rola ile iliyomo, kisha choma au kata lebo zote zenye namba zilizojirudia.

Saa ya kisomaji nayo: ikirudi nyuma baada ya umeme kukatika, mzigo unaonekana umetoka kabla haujaingia. Iunganishe na saa ya mtandao. Jambo la kutofanya peke yako ni kufuta kumbukumbu kwenye seva, au kutumia amri ya kuua tagi ili "kusafisha". Tagi iliyouawa hairudi. Mwite aliyetengeneza programu.

Skana ya mkononi inasoma karibu tu

Betri kwanza. Ikishuka sana, skana nyingi hupunguza nguvu zenyewe, na baridi ya chumba hufanya betri ichoke mapema. Kaa na betri ya akiba mfukoni, mwilini, isikae kwenye meza ya baridi. Kisha zungusha skana robo mzunguko: kama inasoma ikiwa wima na inakataa ikiwa imelala, antena yake inaona upande mmoja, nawe fuata mlalo wa lebo. Ikiwa imeanguka sakafuni na tangu hapo haisomi zaidi ya shubiri moja hata kwa tagi ya majaribio, antena ya ndani imekatika. Hiyo ipelekwe kwa wakala aliyeiuza, ikiwa haijafunguliwa, ili dhamana isife.